Sauti ya Mama Ilivyotoka Nje

Kipindi cha Kiswahili kilikuwa cha kwanza baada ya mapumziko, saa ambayo bati la darasa letu lilikuwa limeshapata moto na nusu ya darasa la sita imeshalala. Tulikuwa wengi kuliko madawati. Waliochelewa walikaa sakafuni, daftari magotini, na hao ndio waliolala vizuri zaidi kwa sababu walikuwa na ukuta wa kuegemea. Mwalimu aliyekuwapo alitusomea hadithi kutoka kitabuni kwa sauti ile ile aliyoitia mahudhurio. Mimi sikulala, lakini si kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilikuwa na kiherehere tu, na mtu mwenye kiherehere hapati usingizi.

Mwalimu yule akahamishwa, akaja kijana wa Bukoba. Alikuja na redio kaseti ya deki mbili, ya zile zilizoanza kumiminika kutoka Dubai, ambazo majumbani mwetu zilifunikwa vitambaa vya kufuma na mtoto akizigusa anachapwa. Yeye aliiweka juu ya meza yenye vumbi la chaki bila hata kupuliza. Shuleni hapakuwa na umeme. Alitumia betri kubwa, na zilipochoka alizipanga dirishani juani zipate nguvu kidogo, nasi tulizilinda zisiibwe.

"Kila nyumba hapa Tandika ina mtu anayejua hadithi," alituambia siku ya kwanza. "Mimi mgeni, sizijui. Nileteeni."

Basi redio ikaanza kwenda majumbani kwa zamu. Mwanafunzi aliondoka nayo jioni, kaifunga kwa kanga mgongoni, na kesho yake ilirudi na bibi wa mtu, au baba wa mtu, au mpangaji wa chumba cha uani, anasimulia kutoka ndani ya kaseti. Mwalimu alikuwa na ujanja mmoja. Hadithi ikifika pale patamu, pale simba kashashika mlango, alibonyeza kitufe, kimya, akatuambia, "Andikeni inavyoisha." Tulipiga kelele za kumlaani, kisha tukaandika. Watoto ambao mwaka mzima hawakuwahi kujaza nusu ukurasa walikuwa wanaomba karatasi ya ziada. Wale waliokuwa wakitoroka baada ya mapumziko kwenda kucheza mpira Mtoni walirudi. Tulipomaliza kuandika, alibonyeza tena, na kila mtu akasikia kama amebahatisha au amekosea. Aliyelala hakuwapo.

Mimi ndiye niliyekuwa na kikwazo. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka ule, na mama yangu alikuwa anakaa eda. Kwa watu wa nyumbani kwetu jambo hilo halihitaji maelezo: mwanamke akifiwa na mumewe anakaa ndani miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hapaki wanja, hajipulizi manukato, hatoki, haonani na mwanamume asiye ndugu yake wa damu. Mama alikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Nilikuwa najua ni heshima, lakini nilikuwa naona haya kupita kiasi. Wenzangu waliniuliza kwa nini mama yangu haonekani tena genge la jirani, na wengine walisema kafungiwa. Nilikuwa naona haya hata kufiwa kwenyewe, kana kwamba ni kitu nilichokifanya mwenyewe. Zamu yangu ya redio ilipokaribia nikawa sina raha. Wengine wangeleta bibi zao. Mimi ningeleta nini?

Na kitu cha kuchekesha ni kwamba mtaa mzima hapakuwa na msimulizi kama Mama. Baba alipokuwa hai, watu walikuwa wakileta mikeka yao wenyewe.

Siku ya zamu yangu nilipita na redio hadi nyuma ya pazia, nikaiweka karibu na mkeka wa Mama. Alikuwa anashona kofia, kazi aliyokuwa anaifanya ili mikono isikae bure.

"Hii ya nani?"

"Ya mwalimu. Tunarekodi hadithi."

"Na mie nipo eda, mwanangu. Hadithi za nini?"

"Si hutoki, Mama. Unasimulia hapo hapo ulipokaa."

Akaacha sindano. Najua alichokuwa anakifanya, kwa sababu nilikuwa nakifanya na mimi: alikuwa anahesabu kichwani mambo yaliyokatazwa. Wanja umo. Hina imo. Udi umo. Kutoka kumo. Hadithi hatukuikuta.

"Wanasikiliza kina nani?"

"Darasa tu na mwalimu."

"Na ikishasikilizwa, inarudi?"

"Inarudi."

Baada ya swala ya magharibi akatuita, mimi na wadogo zangu wawili. Nikabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja kama nilivyofundishwa. Mama akajikohoza, akaitazama redio kwa wasiwasi, halafu akaisahau.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!"

Alisimulia habari za bwana mmoja aliyejifanya kiziwi ili mkewe asimtume kazi. Mke akimwita aje achote maji, bwana anauliza, "Unasema mbuzi kafa?" Akimwita aje apasue kuni, anajibu, "Mwambie mimi pia namsalimu." Mpaka watu wa kijiji wakazoea kuzungumza siri zao mbele yake, na bwana akawa anajua mambo ya kila nyumba. Mkewe akapika pilau, akafunika sufuria kwa mfuniko na kitambaa, akaingia chumbani, akafunga mlango, akanong'ona ndani ya mtungi, "Pilau tayari." Na bwana, huko shambani alikokuwa, akaitikia, "Nani kasema pilau?"

Sauti ya bwana yule ilikuwa ya baba yangu. Hadithi ilikuwa yake na Mama, walikuwa wakiisimulia wawili, yeye ndiye kiziwi. Sasa Mama akafanya sehemu zote mbili. Alipofika kwenye "Nani kasema pilau?" alilitoa kutoka kooni, kwa ule mkwaruzo wa Baba, na wadogo zangu wakaanguka kwa kicheko. Mama naye akacheka. Tangu msiba nilikuwa sijamsikia akicheka. Kicheko chote kiliingia kwenye kaseti.

Kesho yake mwalimu aliizima pale mke anaponong'ona ndani ya mtungi. Darasa likanigeukia mimi, eti niwaambie mwisho, nami nikakataa nikijivuna. Ilipoisha, walitaka irudiwe. Nilitembea nyumbani nikiwa sina aibu hata kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na ningependa hadithi hii iishie hapo.

Mwalimu alipenda kaseti ile, akataka mkondo wa pili nao waisikie, kila darasa liwe na nakala yake. Deki yake moja ilikuwa imekufa, kwa hiyo akaipeleka kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha kurekodi kaseti, karibu na soko. Vibanda hivyo vilikuwa vimejaa wakati ule. Ulipeleka kaseti tupu, ukachagua nyimbo, ukarudi jioni. Kijana alikuwa na maspika mawili marefu yaliyotazama barabara, na desturi yake, kabla ya kukukabidhi kaseti, alikuwa anaijaribu kwa sauti kubwa ili usije ukasema amekuibia. Mwalimu hakujua habari za eda. Kwao misiba ina desturi zake, zetu hakuwa amefundishwa na mtu, na mimi sikumwambia kwa sababu sikutaka anionee huruma.

Natoka shule mchana na rafiki yangu, tunakuta watu wamejaa mbele ya kibanda. Wabeba mizigo wameweka mizigo chini. Muuza kahawa amesimama na birika lake. Nikasikia sauti ya Mama inavuka barabara, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia, inauliza kuhusu kuni. Nasema ukweli: kitu cha kwanza kilichonishika kilikuwa fahari. Nilimpiga rafiki yangu kiwiko. Nilisogea mbele ili nione nyuso zao wakisikiliza.

"Rudisha nyuma, bwana, sie tumechelewa!" mmoja akapiga kelele.

"Huyu mama kiboko," akasema mwingine.

Kisha mtu mzima mmoja, amevaa fulana ya mitumba, kicheko kikimtoka puani, akasema, "Mwenye sauti hii hakosi posa. Jamani, anakaa wapi nipeleke barua?"

Wakacheka. Na mimi nikageuza uso na kumwona Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa ni kaka yake marehemu baba yangu, na tangu msiba yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Alikuwa ametoka msikitini, kofia kichwani, msala umekunjwa kwapani. Alikuwa amesimama nyuma ya watu kabisa. Alimsikiliza shemeji yake aliye edani akicheka kupitia maspika mawili, sokoni, na mwanamume asiyejulikana akiuliza anakaa wapi amchumbie. Aliponiona na mimi nimo humo mbele, nimejipanga kama nimelipia kiingilio, akatazama chini. Yeye ndiye aliyeona haya kunitazama. Nilitamani anipige.

Mtaa mzima ulikuwa na habari ile kabla ya alasiri. Sikuwa na haja ya kumwambia Mama, jirani alishaingia na kumwambia. Nilimkuta amekaa vile vile na kofia yake, ila sindano imechomwa kwenye kitambaa na haisogei. Nilitaka kulia mbele yake nikashindwa. Hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Walikuwa wanaume?"

"Wanaume na wanawake."

"Haya. Nenda kale."

Siku mbili tatu zile nilikwenda madrasa kwa njia ya nyuma, kupitia matuta ya mchicha, ili nisikutane na mtu. Nilikuwa namwonea haya Mama, nauonea haya mtaa, na chini ya hayo yote, jambo linaloniuma zaidi kulitaja, nilikuwa namwona Mama mwenyewe kuwa ni aibu. Kwa nini alicheka? Angesimulia bila kucheka, nilikuwa najiambia, mambo yasingekuwa makubwa hivi. Mtoto wa miaka kumi na tatu anaweza kuwa hakimu mbaya.

Ijumaa baada ya swala kukawa na kikao nyumbani. Alikuja Baba Mkubwa, akaja shangazi yangu, dada yao, na akaja ustaadhi wetu wa madrasa. Jambo lenyewe lilikuwa hivi, na Baba Mkubwa alilisema wazi tukiwa tunasikia. Kama Mama amevunja eda ndani ya nyumba ya marehemu, basi hakuiheshimu nyumba ile, na ndugu hawana sababu ya kuendelea kumweka. Angerudi kwao Kisarawe. Sisi watoto tungebaki, tungegawanywa, wadogo zangu kwa shangazi, mimi kwake yeye.

Mama alikuwa nyuma ya pazia, kama ilivyopasa. Tuliona kivuli cha miguu yake chini ya kitambaa.

"Shemeji, mie sina ugomvi na wewe," Baba Mkubwa alianza. "Umekaa vizuri, kila mtu anasema. Lakini mwili umekaa ndani, sauti imefika sokoni. Nani kasema eda ni ya miguu peke yake?"

Swali lile ninalo mpaka leo. Nimemsikiliza kichwani mara nyingi, na kila mara naona ana hoja.

Mlangoni pakabishwa hodi. Ni mwalimu. Rafiki yangu alikuwa amemsimulia yote. Alikuwa amevua viatu tangu nje na kuvishika mkononi, hajui aviweke wapi, na kaseti iko kwenye mfuko wa shati.

"Shikamooni, wazee wangu. Mimi ndiye nimekosa, mama hakukosa. Mimi nilifikiri ni somo tu."

"Marahaba. Kaa, mwalimu," akasema ustaadhi, na mwalimu akakaa chini kabisa, karibu na mlango, magoti yake marefu yakiwa yamemkaribia kidevu. Nilimwonea haya na yeye pia. Siku ile nilimwonea haya kila mtu.

Ustaadhi hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuliza kama kuna aliyeisikiliza kaseti yote tangu mwanzo. Hakuna. Baba Mkubwa alikuwa amesikia nusu, shangazi alikuwa amehadithiwa. "Basi tunahukumu nini?" Nikatumwa kwa jirani kuazima redio. Niliileta, nikaiweka katikati ya mkeka, mwalimu akatia kaseti, nikabonyeza.

"Hadithi, hadithi!" akasema Mama kutoka redioni.

Sauti zetu watoto zikaitikia. Nilimwona shangazi anafumba mdomo haraka, maana na yeye alikuwa anaelekea kuitikia. Hadithi ikaenda. Mbuzi kafa. Mwambie mimi pia namsalimu. Baba Mkubwa aliangalia mkeka, uso umekaza. Ikafika mtungi, ikafika kunong'ona, kisha ikatoka ile sauti ya kooni yenye mkwaruzo: "Nani kasema pilau?"

Baba Mkubwa akacheka. Kilimtoka tu, kicheko kimoja kikubwa, kwa sababu yule aliyesema alikuwa mdogo wake. Alikuwa ni mdogo wake kabisa, na pumzi zake. Kisha akavua kofia, akaifunika usoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Shangazi akaanza kulia kwa sauti. Kwenye redio sisi tulikuwa bado tunacheka. Nilinyoosha mkono kuzima, ustaadhi akanizuia kwa kidole, ikaendelea mpaka mwisho.

"Mjane hakutoka," ustaadhi akasema ilipokwisha. "Alikaa alipowekwa, akawachekesha mayatima wake. Sauti mmetoka nayo nyinyi. Huyu kwa kutojua, na huyu kwa utoto. Mimi sioni eda iliyovunjika."

Baba Mkubwa akavaa kofia. "Yamekwisha, shemeji," akasema kwa pazia. "Tusameheane." Mwalimu akatoa kaseti redioni, akaomba ruhusa kuirudisha kwa mwenyewe, akanikabidhi mimi nipitishe. Nikainua upindo wa pazia. Mkono wa Mama ukaichukua.

Hivyo hatukugawanywa. Mama alimaliza eda yake, akaogeshwa, akavaa kanga mpya, akatoka akaishi katika nyumba ile miaka mingi na hakuna aliyemnyooshea kidole. Yule mwenye fulana ya mitumba, kama alileta barua, mimi sikuisikia. Shuleni mwalimu aliacha redio nyumbani kwake. Akarudi kwenye kitabu, anasoma taratibu, akinitupia jicho kila akifungua ukurasa, na wale wa sakafuni wakarudi kulala. Wenzangu walininunia muhula mzima. Nilistahili au sikustahili, sijui. Niliona tu haya, nikakaa peke yangu.

Jioni ya siku ile ile ya kikao, mdogo wangu wa mwisho alilala mapajani mwa Mama akamwomba hadithi.

"Zimekwisha, baba," Mama akamwambia akimpapasa kichwa. "Zimekwenda shuleni."

Tulidhani ni maneno ya siku moja. Lakini Mama hakusimulia tena. Mikeka ya majirani haikuja. Alizungumza, alicheka hata, aligombana na wauza samaki kama kawaida, ila ukimwomba hadithi alikuwa na shughuli ghafla. Nikakua, nikaolewa, nikapata watoto, na watoto wangu wakamjua bibi yao kama mwanamke anayejua kushona kofia.

Hivi karibuni mwanangu wa pili alipewa kazi na mwalimu wake: chukua simu ya mzazi, mrekodi bibi au babu akisimulia, lete darasani, tutaweka na picha. Alifurahi kupita kiasi. Nilijaribu kumwambia achague kazi nyingine, akaniuliza kwa nini, nikachukua kanga yangu. Tukaenda kwa Mama, na mkubwa wake naye akafuata. Mtoto akamwamkia, akakaa mbele yake, akainua simu, akaeleza.

Mama aliitazama ile simu, kisha akavuta upindo wa kanga akaziba mdomo. Nilikuwa najiandaa kuomba radhi.

"Hadithi nitakupa," alisema kupitia kwenye kanga. "Uishike kichwani, ukaandike mwenyewe. Simu ipeleke chumba kile. Na mama yako naye aende nje."

"Mama aende nje kwa nini, bibi?"

"Aende tu."

Sikubisha. Nilichukua simu yangu, nikatoka, nikafunga mlango, nikaenda uani kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Huko nikawasikia wanangu wote wawili wakipiga kelele kwa pamoja, "Utamu kolea!" Nikasimama na kanga mbichi mikononi nikatega sikio. Sauti yao niliipata. Ya Mama sikuipata hata kidogo; alikuwa ameishusha, isivuke mlango.